Maharagwe Ishirini na Manne: Maseneta Wetu Huchaguliwaje?



Baba mmoja wa jamaa, mkaaji wa Kalemie, ametuuliza swali lenye haki kabisa. Asema kwamba yeye na mama wa nyumbani mwake wamekwisha kusimama mstarini juani, wakapiga kura ya Rais, na ya mbunge wa taifa, na ya mbunge wa jimbo. Lakini karatasi ya kumchagua seneta hawajaishika mkononi hata siku moja. Basi, wale wanaokaa katika Seneti kule Kinshasa na kusema kwa jina la Tanganyika, ni nani aliyewatuma?

Twamjibu hivi: Baba, ni wewe uliyewatuma, wewe pamoja na mama; lakini mmewatuma kwa mkono wa mtu mwingine. Na kwa kuwa mkono huo si wenu, yafaa mjue namna ufanyavyo kazi yake. Mtu ampaye mwenziwe fedha za kumnunulia unga sokoni, hukaa akauliza bei na kupima mfuko. Kura si kitu kidogo kuliko unga.

Nyumba ya pili ya Bunge

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imeweka nyumba mbili. Ya kwanza ni Bunge la Taifa, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na raia wenyewe. Ya pili ni Seneti, ambayo kazi yake ni kulitunza neno la majimbo. Kila jimbo lina maseneta 4. Mji wa Kinshasa peke yake una 8. Majimbo ni 25, na Kinshasa ni wa ishirini na sita. Basi jumla ya maseneta wanaochaguliwa ni 108. Tena Katiba humpa kila aliyekuwa Rais wa Jamhuri kwa kuchaguliwa kiti cha useneta kwa maisha yake yote. Mtu hawezi kugombea useneta kabla hajatimiza miaka 30. Akichaguliwa atumika miaka 5, naye aweza kuchaguliwa tena.

Wako wanaodhani kwamba nyumba hii ni baraza la wazee wanaopumzika. Sivyo. Sheria za nchi hupita katika nyumba zote mbili. Nyumba hizo zisipopatana, huundwa kamati ya pamoja. Na mapatano yakikosekana hata hapo, ndipo Bunge la Taifa huwa na neno la mwisho. Tena, kiti cha Rais wa Jamhuri kikiwa wazi kwa kifo au kwa kujiuzulu, anayekishika kwa muda ni Rais wa Seneti. Basi mtu anayewachagua maseneta anagusa kilele cha nchi, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Na huyo anayewachagua ni nani? Ni Bunge la Jimbo. Wale wabunge wa jimbo mliowachagua nyinyi, wa Kalemie, Kabalo, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu, pamoja na machifu wa jadi walioingizwa humo kwa sheria, ambao hawawezi kuzidi sehemu ya kumi ya wajumbe, hukutana Kalemie kwenye makao makuu ya jimbo. Hapo kila mmoja hupiga kura moja, kwa siri, chini ya usimamizi wa CENI.

Angalieni mara moja jambo moja. Teritwari za jimbo letu ni 6, na viti ni 4. Hata kwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, haiwezekani kila teritwari iwe na seneta aliyezaliwa kwake. Katiba yenyewe yasema kwamba seneta huliwakilisha jimbo lake, tena utume wake ni wa taifa zima. Basi tusimwulize seneta, “Wewe ni wa kwetu?” Tumwulize, “Watufanyia nini sisi sote?” Lakini swali hilo lina nguvu ikiwa tu viti vile 4 vimegawanywa kwa haki. Na hapo ndipo tufikapo kwenye hesabu.

Leteni maharagwe

Sasa twamwomba mama alete maharagwe 24 na visahani vinne, nao watoto wakaribie mezani. Hatusemi kwamba Bunge la Jimbo letu lina wajumbe 24 kamili; twachukua hesabu hii kwa kuwa yagawanyika vizuri. Kila haragwe ni mbunge mmoja, na kila sahani ni orodha moja ya wagombea. Tuziite orodha hizo kwa majina ya miti: Mvule, Mwembe, Mchikichi na Mgomba.

Kura zimekwisha kupigwa. Mvule imepata maharagwe 11, Mwembe 7, Mchikichi 4, na Mgomba 2. Viti ni 4. Nani apewe?

Mtoto mkubwa atasema upesi: “Mvule ndiyo yenye nyingi, ichukue vyote.” Iko njia ya namna hiyo duniani, na nchi nyingi zaifuata. Lakini hesabuni vema. Wako 11 waliotaka Mvule, na wako 13 ambao hawakuitaka. Tukiipa Mvule viti vyote 4, wale 13 watarudi makwao bila mtu hata mmoja wa kuwasemea, na hali wao wakijumlishwa ni wengi kuliko wenzao. Samaki mkubwa akivuliwa na watu wengi hukatwa vipande, kila mmoja akapata sehemu yake. Kiti hakikatwi. Ndiyo sababu watu wenye akili walitafuta hesabu ya kuvigawa viti vyenyewe kwa kadiri ya kura. Njia hiyo ndiyo iitwayo uwakilishi wa uwiano. Ubelgiji, iliyotutawala zamani, iliiweka katika sheria ya uchaguzi wa Bunge lake mwaka 1899, na sheria yetu ya uchaguzi wa maseneta yafuata njia ya jamaa hiyohiyo.

Hesabu yake ni hii. Kwanza hugawanywa kura zote halali kwa idadi ya viti: 24 kwa 4, twapata 6. Hiyo 6 tuiite kipimo cha kiti. Kila orodha iliyotimiza 6 hupewa kiti kimoja. Iliyotimiza 12 hupewa viwili, na kadhalika. Kipimo cha namna hii hutajwa kwa jina la Mwingereza mmoja, Thomas Hare, aliyeandika juu ya mambo haya katika karne ya 19.

Watoto watoe sasa maharagwe sita sita. Mvule ina 11: ikitoa 6 yapata kiti kimoja, na baki ni 5. Mwembe ina 7: ikitoa 6 yapata kiti kimoja, na baki ni 1. Mchikichi haikutimiza kipimo. Baki yake ni zote 4. Mgomba kadhalika, baki yake ni 2. Viti viwili vimekwisha kutolewa, viwili vyangoja.

Viti vinavyongoja hupewa wenye baki kubwa kuliko wengine. Baki kubwa ya kwanza ni ya Mvule, 5. Hupewa kiti cha tatu. Inayofuata ni ya Mchikichi, 4. Hupewa kiti cha nne. Mwisho wa hesabu, Mvule ina maseneta 2, Mwembe 1, Mchikichi 1, na Mgomba haina.

Mtoto mdogo atanung’unika: “Mwembe ina 7, Mchikichi ina 4, mbona wote wamepata kimoja?” Mama amjibu kwamba kiti hakina nusu. Mvule yenye karibu nusu ya kura imepata nusu ya viti. Mwembe ilizidi kipimo kwa haragwe moja tu. Mchikichi ilipungukiwa na mawili tu. Hesabu haikuweza kuwa nyoofu kama uzi, lakini kati ya wapiga kura 24, wako 22 wenye mtu wao katika Seneti. Kwa njia ile ya kwanza wangalikuwa 11 tu.

Orodha iliyo wazi

Limebaki neno moja juu ya hesabu. Mvule imepata viti viwili. Je, ni nani katika orodha yake watakaovikalia? Yako mataifa ambako chama hupanga majina yake mapema, wa kwanza, wa pili, wa tatu, naye mpiga kura hana neno. Kwetu sivyo. Orodha yetu ni wazi. Mbunge wa jimbo hatii alama kwenye orodha tupu, bali humchagua mgombea mmoja kwa jina lake. Kura hiyo moja hufanya kazi mara mbili: kwanza huhesabiwa kwa orodha yote, ili ijulikane orodha imepata viti vingapi, kisha huhesabiwa kwa mtu, ili ijulikane nani atangulie.

Tuseme kati ya kura 11 za Mvule, mgombea wa kwanza alipata 5, wa pili 4, wa tatu 2, na wa nne hakupata hata moja. Basi wa kwanza na wa pili ndio maseneta. Wa tatu amewasaidia wenzake kwa kura zake 2, lakini yeye mwenyewe abaki nyumbani.

Yatokea basi kwamba wagombea wa orodha moja ni ndugu na tena ni washindani. Mchana husifiana mbele ya watu. Usiku kila mmoja huhesabu kura zake. Tusishangae sana. Lakini tujue kwamba mashindano makali mara nyingi hayako kati ya chama na chama. Yako ndani ya chama kilekile.

Chekeche lenye matundu makubwa

Sasa yatupasa kusema ukweli ambao wanaosifu hesabu hii huupita haraka. Uwiano ni kama chekeche. Viti vikiwa vingi, matundu yake ni madogo, na hata kundi dogo hupata nafasi. Viti vikiwa vichache, matundu ni makubwa, na wadogo huanguka chini.

Kinshasa ina viti 8. Hapo kundi lenye sehemu ya nane ya wabunge halikosi kiti. Tanganyika ina 4. Hapa lazima kuwa na sehemu ya nne ili kukitimiza kipimo. Na zamani je? Maseneta walipochaguliwa tarehe 19 Januari 2007, jimbo letu lilikuwa bado ndani ya Katanga kubwa, nayo Katanga ilikuwa na viti 16, yaani vinne vinne kwa majimbo manne yaliyokuwa yamekusudiwa. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa Katanga ya Juu, Lomami ya Juu, Lualaba na Tanganyika. Tulipata faida kubwa: viti vyetu 4 ni sawasawa na vya jirani zetu wenye shaba, wala hakuna aliye mkubwa kwetu. Lakini kipimo cha kiti ndani ya jimbo kimepanda, kutoka sehemu ya kumi na sita hadi sehemu ya nne. Seneti basi ina mizani miwili. Mmoja hupima majimbo, na huo umetupandisha. Mwingine hupima makundi ndani ya jimbo, na huo umekuwa mzito kwa wadogo.

Wadogo hao ni nani? Tusijifanye hatujui. Kwetu Tanganyika, tangu mwaka 2013, na zaidi miaka ya 2016 na 2017, ugomvi kati ya Watwa na Waluba umechoma vijiji, umeua watu, na kuwafukuza wengi mashambani kwao. Wakaao Kalemie wameona kwa macho yao kambi za wakimbizi kandokando ya mji. Mambo ya ugomvi huo ni mengi, wala hatuwezi kuyaeleza kwa hesabu ya kura peke yake. Lakini mtu asiye na mahali pa kusemea shida yake, kesho hujaribiwa kuisema kwa mshale.

Ng’ambo ya ziwa, ndugu zetu wa Burundi walichagua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2005 iliweka kwamba kila mkoa utume maseneta wawili, mmoja Mhutu na mmoja Mtutsi, na tena Watwa wawe na viti vitatu katika Seneti. Pale sheria hutaja kabila kwa jina lake. Kwetu sheria ya kuchagua maseneta haitaji kabila, yasema tu, “Leteni kura, tutazihesabu kwa kadiri.” Njia yetu ni nzuri kwa kuwa haimwandiki mtu kabila lake mlangoni. Lakini ina sharti moja: kundi dogo halitapata haragwe lolote katika sahani ya Seneti kama halikupata kwanza mbunge katika Bunge la Jimbo. Hesabu ya uwiano hugawa kwa haki kile kilichomo sahanini. Kisichomo, haiwezi kukigawa.

Bei ya haragwe moja

Tufike sasa kwenye jambo linalotuumiza zaidi.

Rudisheni maharagwe yote 24 mezani. Safari hii tusifanye orodha nne, tufanye tisa. Maana vyama vyetu ni vingi, na wagombea wa kujitegemea pia wapo. Yagaweni hivi: 5, 4, 4, 3, 2, 2, 2, 1, 1. Kipimo cha kiti ni kilekile 6. Ni orodha gani imekitimiza? Hakuna hata moja. Basi viti vyote 4 vitatolewa kwa baki kubwa: kwa yule wa 5, kwa wawili wa 4, na kwa yule wa 3. Mmeona? Mtu amekuwa seneta wa Jamhuri kwa kura tatu. Na wabunge wanane kati ya 24 hawakupata mtu.

Sasa mwovu mwenye fedha afikiri nini akiiona meza hii? Atafikiri hivi: “Sina haja ya kuwashawishi watu wa teritwari sita. Sina haja ya barabara, wala shule, wala mkutano wa hadhara. Nahitaji watu watatu au wanne tu, na usiku mmoja.” Uchaguzi wa raia wote, hata ukiwa na makosa mengi, una kinga moja: raia ni wengi mno kununuliwa wote. Uchaguzi wa wachache hauna kinga hiyo. Kinga yake ni dhamiri ya kila mmoja wao, na usiri wa kura, ambao humzuia mnunuzi asijue kama alichonunua alikipata.

Na hesabu yenyewe haiwezi kulikamata kosa hilo. Katika mfano wetu wa kwanza, waondoeni wawili tu katika Mchikichi na kuwatia katika Mgomba. Mara Mgomba yawa na 4, Mchikichi 2, na kiti kimehama. Karani atahesabu vema, kigawanyo kitakuwa sawa, baki itakuwa sawa, karatasi itatiwa sahihi; lakini haki imekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Mizani ya sokoni yaweza kuwa nzima kabisa na mnunuzi akaibiwa, kwa sababu mwenye duka ametia mchanga katika mchele.

Je, haya ni hofu tu? Maseneta walichaguliwa tena tarehe 14 Machi 2019. Kabla ya siku na baada ya siku, malalamiko yalisikika katika miji kadhaa kwamba kura za wabunge wa jimbo zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa, watu wakaingia barabarani kwa hasira. Tarehe 18 Machi wakuu wa nchi, wakikutana na Rais wa Jamhuri, walisimamisha kwa muda kuwakalisha maseneta wapya. Baadaye zuio hilo liliondolewa, nao maseneta wakaingia. Sisi hatumhukumu mtu. Kushtakiwa si kuhukumiwa. Lakini nchi haisimamishi Seneti yake kwa sababu ya porojo za sokoni.

Na miaka kumi na miwili kabla yake, katika Januari 2007, wabunge wa jimbo la Bas-Congo walimchagua gavana, maana magavana nao huchaguliwa na wabunge hao hao. Wengi waliamini kwamba kura zilinunuliwa. Maandamano yakafuata, askari wakapiga risasi, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Familia zaidi ya mia moja zilifanya matanga baada ya uchaguzi ambao wapiga kura wake walikuwa kikundi cha watu wanaoenea katika chumba kimoja.

Neno la wazee wetu wa mwaka 1960

Wazee wa Kalemie, walioujua mji huu ulipoitwa Albertville, hawatashangaa. Uhuru ulipokaribia, Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 iliweka Seneti ya kwanza ya Kongo: wajumbe 14 kwa kila jimbo kati ya majimbo 6, jumla 84, waliochaguliwa na mabunge ya majimbo, na watatu angalau wa kila jimbo wawe machifu au watu wa heshima wa kijadi. Uchaguzi ule wa 1960 ulikuwa wa wanaume tu. Akina mama walipewa haki ya kura kwa Katiba ya mwaka 1967, Katiba ileile iliyoiondoa Seneti.

Katika Bunge la Jimbo la Katanga, lenye viti 60, chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata 25. Cartel, ambayo kiini chake kilikuwa Balubakat ya Jason Sendwe, ilipata 23. Ilikuwa karibu sawa kwa sawa. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe, yaani ilitaka walio wengi wasiweze kufanya jambo bila kuzungumza na wenzao. Balubakat wakatoka barazani. Badala ya kuwarudisha mezani, wakubwa kule Ubelgiji waliibadili sheria katikati ya Juni 1960, nayo serikali ikaundwa bila wao. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Kaskazini ya Katanga, nchi yetu hii, ikaingia katika vita. Manono na vijiji vingi vikaona moto na njaa. Ule utengano ulikwisha Januari 1963.

Hatusemi kwamba vita ile ilitokana na hesabu ya viti peke yake. Lakini twasema kwamba watu 23 kati ya 60 si wachache wa kusahauliwa nje ya mlango. Kura ziliwapa viti; mioyo ya wenye nguvu haikuwapa nafasi. Na hesabu bila moyo ni nusu ya kazi.

Nyumbani tufanye nini?

Mtasema: “Haya yote ni ya wabunge. Sisi wazazi tutafanya nini?” Mengi.

Kwanza, siku ya kumchagua mbunge wa jimbo, kumbukeni kwamba mnafanya chaguzi tatu kwa karatasi moja. Mnamchagua mbunge, na kwa mkono wake mnawachagua gavana na maseneta. Mtu asiyefaa kushika fedha za ushirika wa wavuvi, hafai kushika kura hiyo.

Pili, atakapokuja kuomba kura, mwulizeni mbele ya watu: “Baba, au Mama, siku ya kuchagua maseneta utapima nini?” Akijibu vizuri, mmepata shahidi. Akicheka na kuipita, mmepata jibu pia.

Tatu, msimfundishe wenyewe kuuza. Mbunge aliyenunua kura zenu kwa kitenge, chumvi na fulana, amekwisha kujifunza kwenu kwamba kura ni bidhaa. Mtamwambiaje asiuze yake Kalemie, hali nyinyi mliuza zenu kijijini? Aliyetoa fedha hutafuta kuzirudisha. Naye huzirudisha pale wapiga kura walipo wachache na bei ilipo kubwa.

Nne, msihesabu miaka kwa imani tu. Maseneta wa 2007 walitumwa kwa miaka 5, lakini uchaguzi ulikawia, wakakaa vitini hata 2019. Hao wa sasa, ambao katika sehemu kubwa ya majimbo walichaguliwa tarehe 29 Aprili 2024, wana miaka yao. Andikeni tarehe hiyo ukutani, karibu na kalenda ya shule ya watoto.

Mwisho, msiyarudishe maharagwe jikoni upesi. Waacheni watoto wayagawe tena na tena, wakibadili sahani, wakihamisha moja huku na moja kule. Mtoto aliyekwisha kuona kwa macho yake kwamba haragwe moja lililohamishwa gizani lampokonya mwenziwe kiti, akikua hatauliza, “Kura yangu moja ina nini?”

Basi, Baba wa Kalemie, jibu letu ndilo hilo. Karatasi ya seneta hutaishika mkononi mwako. Lakini mkono utakaoishika, ni wewe na mama mnaouchagua. Uchagueni ulio safi. Kisha, jioni ya siku ile, nendeni mkamwulize mwenye mkono alikoitia kura yake. Usiri wa kura ni wake, na aweza kukaa kimya. Lakini atakuwa amewatazama nyusoni, na atajua kwamba nyumbani kuna watu wanaohesabu.